Rejista za kale za ubatizo: Soma mwandiko kwanza, jina baadaye

Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Enzi hizo Kanisa Katoliki liliandika rejista za ubatizo kwa Kilatini. Leo anayetafuta ukoo wake hufungua kitabu cha aina hiyo, akakwama mstari wa kwanza.

Kikwazo cha kwanza ni sarufi. Katika Kilatini, mwisho wa jina hubadilika kulingana na uamilifu wake. Ukikuta "filius Iosephi", usiseme eti baba mtu aliitwa Iosephi. Maana yake ni "mwana wa Yosefu". Jina lenyewe ni Iosephus. Aidha, "filius" ni wa kiume, "filia" ni wa kike.

Pili, tarehe. Je, "7bris" ni Julai? Ng'o! Ni Septemba, kwani "septem" ni saba na mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi. Vivyo hivyo, "8bris" ni Oktoba, "9bris" Novemba na "Xbris" Desemba.

Tatu, tahajia. Mgeni huandika jina la Kiafrika jinsi sikio lake lilivyolipokea. Kitaliano huandika sauti "ny" kama "gn", basi usishangae Nyambura akigeuka "Gnambura". Usikimbilie kusahihisha. Nakili herufi kwa herufi, kisha fasiri yako iweke kando.

Na ukishindwa kujua kama herufi ni "n" au "u"? Usibahatishe. Tafuta neno unalolijua katika ukurasa uo huo, mathalani "natum", yaani "aliyezaliwa". Lina herufi zote mbili. Linganisha jinsi mkono ule ule ulivyozichora.

Hatimaye, tazama pambizoni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe kwenye rejista ya ubatizo wake. Kijisehemu hicho chaweza kukuonyesha bibi yako aliolewa wapi.

Haya si mambo madogo. Huenda mstari huo ndio maandishi pekee yanayomtaja nyanya yenu. Herufi moja ikisomwa vibaya, mtajipatia jamaa wasio wenu, naye aliye wenu abaki kitabuni bila wa kumtambua.