Mwimbaji asiye na koo

Leo tuangalie historia ya kompyuta inayoimba, maana hata prodyuza wa Diani mwenye laptopu moja anaweza kuitumia.

Mwaka 1961, Bell Labs huko Marekani waliifanya kompyuta ya IBM iimbe. Mwaka 2000 Yamaha na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, wakaanza utafiti uliozaa Vocaloid. Inavyofanya kazi: mtu anarekodiwa, sauti yake inakatwa vipande vidogo, kisha wewe unaandika noti na maneno, programu inaviunga.

Sauti za kwanza zilitoka 2004. Aliyevuma ni Hatsune Miku, tarehe 31 Agosti 2007, kwa sauti ya Saki Fujita. Kwa nini? Maprodyuza wa chumbani walipakia nyimbo zao kwenye Nico Nico Douga, wachoraji wakazichorea video, wengine wakaziimba upya. Hakuna aliyengoja redio.

Mwaka 2008 ikaja UTAU, programu ya bure: unarekodi silabi zako mwenyewe. Kiswahili kina irabu tano kama Kijapani, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Lakini jaribu M-sa-mbwe-ni! Hiyo "mbwe" haimo katika Kijapani. Lazima uirekodi wewe.

Hapo ndipo penye neno. Ukirekodi silabi za dada wa Msambweni siku moja, sauti yake itaimba nyimbo mia bila yeye kuwepo. Andikianeni mkataba kwanza: ataimbishwa nini, na atalipwaje kila wimbo ukiuzwa. Sauti ni mali ya mwenyewe.