Mvuke Ulikuwa wa Kiwanda

Muuzaji wa Nairobi aliniuliza swali moja tu kabla hajataja bei. "Stima yako ni feizi ngapi?"

Nilikuwa nimetoka Kericho saa kumi alfajiri na maswali yangu yote yamepangwa kwenye simu: idadi ya trei, warranti, spea zinapatikana wapi. Hilo la feizi sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia ni moja, ile ya kawaida ya nyumbani. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya mapafu.

Nilikuwa natafuta oveni ya kombi. Kama hujawahi kuiona, ni sanduku la chuma lenye feni nyuma, na linapika kwa hewa moto, au kwa mvuke, au kwa vyote viwili pamoja. Kuku anatoka ngozi imekauka vizuri lakini ndani bado ana maji yake. Wali unaiva bila mtu kusimama kando ya sufuria. Jiko letu ni chumba kimoja nyuma ya duka, barabara ya kwenda Litein, na kazi yetu kubwa ni koito, harusi na matanga. Tuko wanne. Siku ya wageni 200 tunawasha kuni saa nane usiku.

Pesa ni mkopo wa sacco, na mdhamini ni mama, kwa bonasi yake ya majani chai. Kama umelelewa huku, unajua hiyo sentensi ina uzito gani. Bonasi huja Oktoba, mara moja kwa mwaka, na wakulima wa upande wetu wamezoea kuona wenzao wa Mlima Kenya wakilipwa zaidi kwa kila kilo. Nikikosea oveni, nimekosea mwaka mzima wa mgongo wa mama.

Basi hilo swali la feizi nilirudi nalo nyumbani, na kadiri nilivyolichimba ndivyo lilivyokuwa swali la historia.

Kericho haikuanza na chai. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mnamo 1919, serikali ya kikoloni iliwatengea maafisa Waingereza waliojeruhiwa vitani maelfu ya ekari katika ardhi ya Wakipsigis. Mpango wao uliitwa BEADOC, na zao lilikuwa kitani, ile mimea ya nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa haraka sana. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia, Brooke Bond na James Finlay, na milima ikawa ya kijani hiki tunachopiga picha leo. Wenye ardhi hawakuulizwa mara ya kwanza, wala ya pili.

Chai si kama kahawa, ambayo unaweza kuikausha juani ukaiweka gunia. Jani likichunwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, kwa hivyo kiwanda kinajengwa katikati ya shamba, na kiwanda kinataka moto na umeme usiokatika. Moto ulitoka kwa kuni, ndiyo maana unaona msitu wa blugamu kila unapogeuka. Umeme kampuni zilijitengenezea, kwa mitambo midogo kwenye mito yetu inayoteremka kutoka Mau. Yaani kulikuwa na mvuke na stima hapa zamani kabisa. Vilikuwa tu upande ule mwingine wa ua.

Kogo, nyanya yangu, alichuna chai kwenye moja ya mashamba hayo na kuishi kambini. Anasema usiku walikuwa wakipika kimyet kwenye mafiga matatu, nje, na mwanga wa kiwanda uliwasaidia kuona kama sufuria inachemka. Stima yenyewe haikufika kwake hadi alipokuwa mzee, kijijini, baada ya serikali kuanzisha mradi wa Last Mile mwaka 2015 na ada ya kuunganishiwa ikashuka hadi shilingi 15,000. Waya ulioletwa ulikuwa wa feizi moja. Taa, redio, simu, imetosha. Hakuna aliyedhani mtu wa kijijini atataka kuendesha mashine.

Nilimwonyesha video ya kombi kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho, akacheka. "Lakwet, hicho ni kiwanda."

Na kweli. Kiwandani jani bichi linatandazwa kwenye mahodhi marefu na hewa inapulizwa chini yake kwa saa nyingi hadi linyauke. Asubuhi za baridi hewa hiyo inapashwa moto kwa mvuke wa boila. Kisha linasagwa na kuchanwa na zile rola za CTC, mtambo uliobuniwa Assam mwaka 1930, linaachwa ligeuke rangi, halafu linakaushwa kwa hewa moto inayolirusharusha hadi linabaki na unyevu wa karibu asilimia 3. Zaidi ya kilo 4 za majani zinatoa kilo 1 ya chai. Ukiondoa rola, kazi yote ni kuamua jani lipate maji kiasi gani, hewa kiasi gani, kwa muda gani. Kombi inafanya kitu hicho hicho kwa paja la kuku.

Kombi ilipata jina huko Landsberg am Lech, Ujerumani, ambako kampuni ya Rational, iliyoanzishwa na Siegfried Meister mwaka 1973, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1976. Kabla yake jiko la hoteli lilihitaji mashine mbili, oveni na stima ya kuvukizia. Meister alizitia kwenye sanduku moja. Naipenda hiyo hadithi, lakini sanduku lilibuniwa kwa jiko la Ulaya. Trei zake ni za kipimo cha Gastronorm, sentimita 53 kwa 32.5, na hakuna sufuria yetu hata moja inayoingia. Ya umeme yenye trei 6 inakula kama kilowati 10. Kwa feizi tatu mzigo huo unagawanyika. Kwa feizi moja ni zaidi ya ampia 40 kwenye waya mmoja, na jirani anayechomelea mageti anashiriki transfoma nami.

Halafu kuna mwinuko. Mombasa maji yanachemka kwa digrii 100. Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, yanachemka kwa kama 93. Mvuke wa kombi haufungiwi kwa presha kama wa kuka, kwa hivyo unatii mlima: viazi vitachelewa, na muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine ni wa mtu mwingine. Lazima fundi aiambie oveni iko juu kiasi gani. Ya gesi inahitaji zaidi, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi na moto usiporekebishwa unatoa masizi.

Hata hivyo nimechagua ya gesi. Trei 6, bila boila, ile inayonyunyiza maji moja kwa moja kwenye joto, kwa sababu boila ni kitu kingine cha kuharibika na sina fundi karibu. Feni na kompyuta yake vinakula stima kidogo tu, feizi moja inatosha. Usiku ule wa Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza, hata hii ingezimika, sikatai. Kuni hazingezimika.

Mama alisikiliza haya yote akichambua mboga, kisha akauliza kitu ambacho muuzaji hakuniuliza. "Na hiyo mashine itafukuza nani?"

Huku swali hilo si mzaha. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa moto Kericho, na mtu aliuawa katika ghasia hizo. Mashine moja inafanya kazi ya wachunaji wengi, na wengi waliotolewa ni wanawake kama kogo. Nilikuwa upande wao. Bado niko.

Mpishi wetu wa kimyet sina wasiwasi naye, kimyet haiingii kwenye trei. Nyama ya koito pia itabaki kwenye moto, wazee wangenifukuza. Aliyebaki ni kijana anayepasua kuni. Nimepiga hesabu mara tatu, na kila mara siku zake sita zinakuwa tatu.

Wiki iliyopita nililipa amana. Jumamosi yule kijana alifika na rukwama imejaa blugamu, akaanza kuzipanga ukutani, pale pale nilipopima nafasi ya oveni kwa chaki.

"Dada, hii alama ni ya nini?" akauliza.

Nikamwambia aache kuni kwanza, akae, tunywe chai.