Kiamhari na Kinorwei: Lugha Mbili, Kiboko Kimoja

Wasee, leo nawaletea lugha mbili ambazo hazijawahi kukutana hata harusini: Kiamhari cha Ethiopia na Kinorwei. Moja ni ndugu ya Kiarabu na Kiebrania, nyingine ni ndugu ya Kiingereza na Kijerumani. Kiukoo hazijuani kabisa. Lakini ukizisoma historia zao pamoja, kuna jambo ambalo kila kijana anayepiga kelele "turudie lugha zetu" anafaa kulisikia.

Tuanze na raha kidogo. Kwa Kiamhari nyumba ni bet. Hilo neno lina damu moja na bayt ya Kiarabu, ile iliyotupa ubeti, ndiyo, ule wa mashairi yaliyokutesa kidato cha tatu. Ukitaka kusema nyumba ile ambayo tayari tunaijua, unabandika kitu mwishoni: betu. Sasa nenda Norwei. Nyumba ni hus, na nyumba ile tunayoijua ni huset. Pia wanabandika mwishoni! Ni bahati tu, undugu hakuna. Kiamhari kinapeleka kitenzi mwisho wa sentensi, Kinorwei kinakipenda nafasi ya pili. Kiamhari kina maandishi yake, fidel, ambapo kila herufi ya msingi ina sura saba kufuata irabu. Wanorwei wanatumia herufi hizi zetu, wakaongeza æ, ø na å.

Haya, historia.

Norwei iliunganishwa na Denmark kuanzia 1380 hadi 1814, na mkubwa alikuwa Denmark. Matengenezo ya Kanisa yalipofika 1537, Biblia ilikuja kwa Kidenmark. Mkulima na mvuvi waliendelea na lahaja zao nyumbani, lakini kortini, kanisani na kwa barua, ni Kidenmark tu. Inakukumbusha mahali?

Baada ya 1814 wakaanza kuulizana: sisi lugha yetu ni ipi? Knud Knudsen akasema tuchukue Kidenmark tukigeuze polepole kifuate vile watu wa mjini wanaongea. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu (sisi tulioacha chuo tunampenda sana), alianza kuzunguka vijijini mwaka 1842 akikusanya lahaja. Sarufi yake ilitoka 1848, kamusi 1850. Mwaka 1885 Bunge likaamua njia zote mbili ziwe na haki sawa. Leo zinaitwa Bokmål na Nynorsk. "Mimi" kwa moja ni jeg, kwa nyingine ni eg. Wanaoandika Nynorsk ni wachache, lakini Jon Fosse aliyeshinda Nobel ya fasihi 2023 anaandika hiyo hiyo.

Stori tamu, sivyo? Mnyonge amesimama.

Ethiopia ni kinyume. Kiamhari kilikuwa lugha ya ikulu tangu nasaba ya Yekuno Amlak ilipoingia 1270, ingawa vitabu viliandikwa kwa Kige'ez, lugha ya kanisa. Kufika enzi ya Tewodros II, aliyetawala 1855 hadi 1868, habari za mfalme zikawa zinaandikwa kwa Kiamhari. Mwaka 1896 Waitaliano walichapwa Adwa. Manze, Waafrika wenye maandishi yao na lugha yao, wamemshinda mzungu. Hapo kila mtu kwa TikTok anaweka bendera.

Lakini ngoja tuone upande wa pili.

Wakati Norwei inaokoa lugha ya mkulima, kaskazini kuna Wasami, wenyeji wa zamani wenye lugha zao. Mwaka 1898 serikali iliagiza shule zibane matumizi ya Kisami darasani. Watoto wengi walipelekwa shule za bweni wakafundishwa kuona aibu. Yaani aliyelia juu ya Kidenmark akawa Kidenmark cha mwenzake.

Ethiopia nayo, amri ya 1944 ya Haile Selassie ilifanya Kiamhari lugha ya kufundishia, na katiba ya 1955 ikakifanya lugha rasmi. Waoromo, ndio wengi kuliko kabila lolote nchini, hawakuwa na shule wala gazeti kwa lugha yao. Walipopata nafasi 1991, walichagua herufi za Kilatini, Qubee, wakaacha fidel. Kulikuwa na sababu ya sauti: lafa ni ardhi, laafaa ni laini, na fidel haionyeshi vizuri tofauti hiyo. Lakini pia walikuwa wamechoka. Maandishi ambayo sisi huku tunayaona fahari ya Afrika, kwao yalikuwa alama ya bosi. Na Waoromo si watu wa mbali. Waborana wa Marsabit ni wao.

Utaniambia taifa linahitaji lugha moja ili lisivunjike. Kwani Norwei imevunjika? Ukiandikia ofisi ya serikali kuu kwa Nynorsk, inafaa ikujibu kwa Nynorsk. Bunge lao liliwaomba Wasami msamaha Novemba 2024. Ethiopia nayo, katiba ya 1995 ilitambua lugha zote sawa, na 2020 serikali ikatangaza kuongeza Kioromo, Kitigrinya, Kisomali na Kiafar kando ya Kiamhari. Wamechelewa, lakini wameona.

Ndiyo maana sinunui hoja kwamba tukitoa Kiingereza tukaweka Kiswahili basi tumekuwa huru. Shule niliyosoma ulivalishwa diski ukiongea lugha ya nyanya yako, na aliyekuvalisha alikuwa Mkenya mwenzako. Kule Mukogodo, Laikipia, Kiyaaku kimebaki kwa wazee wachache sana. Hakikumezwa na Kiingereza. Wayaaku walihamia Kimaasai, kwa sababu mwenye ng'ombe ndiye aliyeheshimiwa.

Kwa hivyo kwa komenti msiniambie lugha iliyowakandamiza, hiyo tunaijua. Niambieni lugha gani jirani inamezwa na ya kwenu.