Zamu ya Bwenini

Ndugu zangu, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliuliza katika "Elimu ya Kujitegemea" kama kweli shule za sekondari zinahitaji kuajiri wafagiaji na watunza bustani. Sisi tulioingia baadaye tulikuta jibu limebandikwa mlangoni mwa bweni: orodha ya zamu.

Mimi nilitoka Handeni, ambako maji ya kufulia hayamwagwi, hudekia sakafu. Korogwe nilikuta Mto Pangani unapita, na bado bweni letu lilinuka. Maji yalikuwapo, iliyokosekana ni mikono ya wakubwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, baba yangu alisikiliza redio na wenzake kikundini, kisha akachimba choo. Sisi wasomi tulikuwa na choo kisichoingilika!

Naungama: nilipokuwa kiranja, orodha niliiandika mwenyewe, na jina langu halikuwamo. Walikuwamo kidato cha kwanza tu. Mmoja wao, ndoo mkononi, aliniuliza, "Kaka, kujitegemea ni kwetu peke yetu?" Nilimpa adhabu ya kufyeka majani.

Juma lililofuata nilijiandika zamu ya choo. Nilideki alfajiri, kabla hajaamka.