Uchambuzi wa kampaundi za metali katika mafuta ghafi

Uchambuzi wa kampaundi za metali katika mafuta ghafi ni sehemu ya kemia ya uchambuzi inayochunguza metali zilizomo kwa kiasi kidogo sana ndani ya mafuta yaliyotoka kisimani kabla ya kusafishwa. Unajibu maswali mawili: kila metali imo kwa kiasi gani, na imefungwa ndani ya molekuli za aina gani. Kwa ajili hiyo wanakemia huunganisha kromatografia, inayotenganisha molekuli, na spektrometria ya masi, inayozitambua kufuatana na masi yake.

Metali zilizomo

Mafuta ghafi ni hasa mchanganyiko wa kampaundi za kaboni na hidrojeni. Metali zinazopatikana zaidi ndani yake kwa kawaida ni vanadi na nikeli. Chuma, zebaki na aseniki huweza kuwemo pia. Mafuta mepesi yanaweza kuwa na chini ya miligramu 1 ya vanadi katika kilogramu moja, lakini mafuta mazito ya Boscán nchini Venezuela yana zaidi ya miligramu 1,000.

Sehemu ya vanadi na nikeli hupatikana katika porfirini. Hizi ni molekuli zenye umbo la pete kubwa inayoundwa na pete ndogo nne, kila moja ikiwa na atomi ya nitrojeni. Metali hukaa katikati. Sehemu nyingine imo pamoja na asfaltini, yaani molekuli nzito zisizoyeyuka katika heptani.

Historia

Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mjerumani Alfred Treibs aligundua porfirini katika mafuta ghafi na miamba. Alionyesha kwamba muundo wake unafanana na ule wa klorofili, rangi ya kijani ya mimea. Klorofili ina magnesi katikati ya pete; baada ya kiumbe kufa na kufunikwa na mashapo, magnesi hutoka na nafasi yake huchukuliwa na vanadi au nikeli. Ugunduzi huo ulikuwa ushahidi muhimu kwamba mafuta ya petroli yalitokana na viumbe hai, na Treibs anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa jiokemia ya kikaboni.

Mbinu

Katika kromatografia, sampuli iliyoyeyushwa hupitishwa kwenye mrija uliojaa chembe ndogo. Aina moja hutumia chembe zenye vitundu: molekuli ndogo huingia vitunduni na kuchelewa, ilhali molekuli kubwa hupita nje na kutoka kwanza. Kromatografia ya gesi hufaa kwa kampaundi zinazogeuka mvuke kwa urahisi, kama vile zile za zebaki.

Kinachotoka huingizwa katika spektrometa ya masi. Katika aina inayotumia plazma ya arigoni, yenye joto la maelfu ya digrii, molekuli huvunjika kabisa na atomi za metali hugeuka ioni ambazo huhesabiwa. Njia hii hupima kiasi kidogo mno, lakini haionyeshi molekuli ilikuwaje. Dalili pekee ni muda uliotumika kupita kwenye mrija.

Aina nyingine huacha molekuli nzima na kupima mwendo wa ioni zake ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu. Mbinu hiyo ilianzishwa mwaka 1974 na Melvin Comisarow na Alan Marshall nchini Kanada. Masi hupimwa kwa usahihi mkubwa hata fomula ya kemikali ya molekuli inaweza kujulikana. Hata hivyo, molekuli mbili zenye fomula moja na miundo tofauti hazitenganishwi kwa masi pekee. Kwa hiyo kromatografia bado inahitajika.

Matatizo ya upimaji

Vanadi hupimwa kwenye masi 51. Klorini ya masi 35 ikiungana na oksijeni ya masi 16 hutoa ioni yenye masi hiyohiyo. Kwa sababu mafuta ghafi mara nyingi huwa na chumvi, klorini inaweza kuhesabiwa kimakosa kama vanadi. Kaboni ya mafuta nayo huacha masizi ndani ya chombo, hivyo oksijeni kidogo huongezwa ili kuiunguza. Zebaki huvukiza au kunata kwenye kuta za chupa, na kipimo huwa pungufu.

Umuhimu

Katika viwanda vya kusafisha mafuta, nikeli huongeza kaboni inayoganda juu ya vichocheo, na vanadi huharibu muundo wa zeoliti zilizomo. Mafuta mazito yakichomwa, oksidi ya vanadi huyeyuka na kula metali za mitambo ya mvuke na turbini. Zebaki hushambulia alumini ya mitambo ya kupoza gesi asilia. Kiwanda kinachojua jumla ya metali tu hakiwezi kuchagua njia ya kuiondoa, kwa kuwa porfirini, asfaltini na zebaki huru hazitoki kwa njia moja.

Wanajiolojia hutumia uwiano wa vanadi na nikeli kukadiria mazingira ya mwamba uliozaa mafuta. Uwiano huo husaidia pia kutambua chanzo cha mafuta yaliyomwagika baharini.