Nyumba ya Moffat huko Kuruman: Habari za Jamaa ya Kikristo Ugenini

Katika habari za misioni za Afrika twasoma mara nyingi juu ya safari, vita, ubatizo, na vitabu vilivyopigwa chapa. Nyumba husahauliwa. Walakini mwalimu aliyetumwa nchi ya mbali pamoja na mkewe na wanawe hukaa nyumbani saa nyingi kuliko akaazo mimbarani, na wenyeji humsoma pale kabla ya kusoma kitabu chake. Huona alalavyo, alavyo, asemavyo na mkewe, na jinsi ampokeavyo mtu aliyekuja bila kuitwa. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za jamaa moja, yaani Robert na Mary Moffat wa Chama cha Misioni cha London, waliokaa kusini mwa Afrika kati ya Watswana tangu mwaka 1821 hata mwaka 1870. Twaichagua jamaa hii kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yao ya kila siku yamehifadhiwa katika barua zao, na katika kitabu ambacho Bwana Moffat alikitoa London mwaka 1842. Pili, Kitswana ni ndugu wa Kiswahili. Msomaji wetu akisikia kwamba kwao watu ni *batho*, wana ni *bana*, nyama ni *nama*, jina ni *leina*, na ulimi ni *loleme*, atajua ya kuwa nchi ni ya mbali lakini ukoo wa lugha ni mmoja.

Robert Moffat alizaliwa Ormiston, katika nchi ya Scotland, mwaka 1795. Alikuwa mtunza bustani kabla ya kutumwa Afrika mwaka 1816. Mary Smith alikuwa binti wa mwenye shamba la miche lililokuwa Dukinfield, Uingereza, na huko ndiko walikojuana. Wazazi wake walikataa muda mrefu kumpa ruhusa. Hata waliporidhika, akavuka bahari kumfuata mchumba wake, wakaoana Cape Town tarehe 27 Desemba 1819. Kisha wakashika njia ya bara kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Mtoto wao wa kwanza, aliyeitwa Mary kama mamaye, alizaliwa Griquatown mwezi wa Aprili 1821, na mwaka uo huo wakafanya makao kwa Batlhaping, ambao jina lao maana yake ni watu wa samaki. Mfalme wao alikuwa Mothibi. Mwaka 1824 kituo kikahamishiwa mahali penye maji mengi zaidi, karibu na chemchemi kubwa ya Kuruman.

Tuanze na sakafu, maana hapo ndipo Bibi Moffat alipopata somo lake la kwanza. Alipofika aliona wake za wamisionari waliomtangulia wakisiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Akasema moyoni kwamba yeye atajitahidi kuishi bila ya uchafu huo. Haukupita muda mrefu akaandika kwao Uingereza kwamba sasa hana saburi ya kungoja Jumamosi ifike, ndiyo siku ya kusiriba. Akaeleza kwamba dawa hiyo hutuliza vumbi kuliko kitu kingine cho chote, huua viroboto, na sakafu hubaki na rangi nzuri ya kijani; naye aitazama kwa furaha ile ile aliyokuwa nayo zamani akitazama vyumba vizuri vya kwao vilivyosuguliwa. Wasomaji wetu wa bara, ambao mama zao walisiriba nyumba vivyo hivyo, huenda wakacheka kidogo. Lakini tuangalie jambo lenyewe. Mwanamke huyu hakuisifu desturi ya wenyeji kwa maneno ya adabu tu. Aliijaribu, akaona faida yake, akaifanya yake, kisha akawaandikia watu wa kwao bila haya. Wahenga wasema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mgeni apewaye jembe hujifunza kwa kulishika.

Mambo mengine hayakuwa mepesi hivyo. Watu wa Batlhaping walijipaka mafuta na udongo mwekundu, na nyumba ya mgeni kwao ilikuwa mahali pa kuingia na kukaa kutwa. Waliketi po pote, wakashika kila kitu, na kila walipogusa pakabaki alama. Chakula kilipikwa mbele ya macho ya watu wengi, na vyombo vya chuma, ambavyo vilikuwa mali kubwa katika nchi ile, vilipotea mara kwa mara. Moffat mwenyewe aliandika kwa uchungu juu ya wizi huo. Nasi tukisoma habari zake twaona upande wa pili pia: mlango wa kufungwa ulikuwa jambo geni. Mtu ajengaye mjini mwa watu kisha akaufunga mlango mchana amewaambia wenyeji neno zito, hata kama hakufumbua kinywa.

Habari ya maji yaonyesha jambo hili zaidi. Katika kituo cha kwanza wamisionari walichimba mfereji mrefu ili kumwagilia bustani zao. Wanawake wa mji walipoona jinsi mboga zilivyostawi, wakaukata mfereji ili maji yaende katika mashamba yao wenyewe, na mara nyingine wamisionari wakabaki hawana hata maji ya kunywa. Iliwapasa kwenda na majembe, mchana wa jua kali au usiku wa manane, kuuziba tena. Bwana Moffat aliyaandika hayo kama taabu iliyompata, na taabu ilikuwa kweli. Lakini yeye mwenyewe asema kwamba wanawake wale walijiona wana haki sawa katika maji hayo. Mto ulikuwa wa nchi yao, na kilimo kilikuwa kazi yao wanawake. Mgeni aweza kuleta akili ya kuchimba mfereji. Maji hakuyaleta yeye. Twawaomba walimu wenzetu wayafikiri haya kila mara misheni inapopima kiwanja au kuweka ua.

Hata hivyo hawakuishi kwa magomvi siku zote. Siku moja Moffat aliwaona wanawake wakijenga nyumba, kwa maana kwao kujenga ilikuwa kazi ya wanawake, na mmoja wao alikuwa juu karibu na paa. Akawaambia kwamba afadhali wawaite waume zao wafanye sehemu ile. Wakaangua kicheko kikubwa. Mahuto, mke wa mfalme, akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, watu wakacheka tena. Lakini Mahuto, aliyekuwa mwanamke mwenye busara, akasema kwamba shauri hilo ni jema ingawa halina matumaini. Katika kicheko hicho kila upande uliona desturi ya mwenzake kuwa jambo la kufikirika. Mafundisho mengi ya jukwaani hayajafika hapo.

Miaka ile ya kwanza mvua ilikosa. Watu wakaanza kusema kwamba wageni ndio wazuiao mvua. Mwisho akaja mkuu mmoja mwenye mkuki mkononi, pamoja na wenzake, akawaamuru waondoke katika nchi. Bibi Moffat alikuwa amesimama mlangoni amempakata mtoto. Mumewe akajibu kwamba wakitaka na wamuue, mkewe na watoto hawatapigana nao. Ila kwa hiari yao hawataondoka. Wale watu wakatazamana, mkuu wao akasema kwamba watu hawa lazima wawe na roho kumi, kwa jinsi wasivyoogopa kifo, wakaenda zao. Twaona kwamba ushahidi wa siku ile haukuwa wa mhubiri peke yake. Mwanamke aliyesimama mlangoni na mtoto wake alionyesha kwamba pale ndipo kwao.

Nao wenyeji walimpa jina. Kwa desturi ya Watswana mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Basi Bibi Moffat akaitwa Ma-Mary, kama sisi tusemavyo Mama Fulani. Hakuna haja ya kueleza kwa wasomaji wa Kiswahili jina hilo lina heshima gani. Mke wa mwalimu aliyeitwa hivyo amehesabiwa kuwa mzazi kati ya wazazi.

Sasa tuje kwenye lugha. Kwa miaka ya kwanza Moffat alihubiri kwa mkalimani. Aeleza kwamba siku moja neno kwamba wokovu wa roho ni jambo kubwa lenye maana lilifasiriwa kwamba wokovu wa roho ni gunia kubwa sana. Tena vijana walipenda kumfundisha maneno yasiyofaa, akayarudia mbele ya watu wasijizuie kucheka. Mwaka 1827 akaamua kuiacha nyumba yake, akaenda kukaa zaidi ya miezi miwili katika kambi za Barolong, mahali asipoweza kusikia wala kusema lugha nyingine. Mkewe akabaki Kuruman na watoto. Moffat aliporudi aliweza kuhubiri bila mkalimani. Injili ya Luka ikapigwa chapa Cape Town mwaka 1830, na mwaka uliofuata mashine ya kupigia chapa ikafika Kuruman. Agano Jipya likatoka London mwaka 1840, na Biblia nzima ikamalizika Kuruman mwaka 1857. Ndiyo Biblia kamili ya kwanza katika lugha ya Kibantu. Ya Kiswahili ilitoka zaidi ya miaka 30 baadaye. Jina la Mary halikuandikwa katika jalada lake, ingawa miaka yote ile ndiye aliyeitunza nyumba ilimofanyiwa kazi hiyo.

Imani yake yeye yaonekana katika jambo dogo. Mwaka 1827 rafiki mmoja wa Sheffield alimwandikia kumwuliza ahitaji kitu gani. Kuruman haikuwa na Mkristo mwenyeji hata mmoja, lakini Bibi Moffat aliomba vyombo vya Ushirika Mtakatifu, kwa kuwa siku moja vitahitajiwa. Katika mwaka 1829 watu sita wa kwanza wakabatizwa, na vile vyombo vikafika siku moja tu kabla ya Ushirika wao wa kwanza. Baada ya hayo Bibi Moffat akafungua darasa la kushona. Watu wakaleta ngozi zao wapate kufundishwa kutengeneza nguo, na mafuta waliyokuwa wakijipaka wakaanza kuyafanya mishumaa, ili wasome usiku.

Lakini haifai tusifu tu. Gharama ya kazi hii waliilipa watoto. Robert na Mary walizaa watoto 10, na wengine wao wakafa wangali wadogo. Mwaka 1830 Mary mdogo, mwenye umri wa miaka 9, na Ann aliyekuwa na miaka 7, waliachwa katika shule ya Salem karibu na Grahamstown, mbali sana na mama yao. Wana hao walikulia katika nchi ya Watswana, na lugha yake waliijua tangu utotoni; huko walikopelekwa walikuwa wageni. Mary akarudi Kuruman kufundisha, na mwezi wa Januari 1845 akaolewa na David Livingstone. Watswana wakamwita Ma-Robert, na merikebu ya moshi ambayo Livingstone aliileta Zambezi mwaka 1858 ikapewa jina hilo. Mumewe alipokwenda safari zake, yeye alipelekwa Uingereza na watoto wanne mwaka 1852, akakaa huko miaka minne bila makao ya kudumu. Akafa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Twalisoma jina la Livingstone katika kila kitabu cha historia ya Ujiji na Unguja. Yafaa tulikumbuke na kaburi hili.

Kuna upungufu mwingine, nao wahusu lugha yenyewe. Kwa Watswana *badimo* ni wazee waliokufa, wanaokumbukwa na kuheshimiwa na jamaa zao. Katika Biblia ya Kitswana ya mwaka 1908, iliyotengenezwa na wamisionari wa chama kile kile, pepo wachafu waliitwa kwa neno hilo. Mwaka 1999 mwanachuoni wa Botswana, Musa Dube, alionyesha jinsi neno hilo lilivyowafanya babu za watu kuwa mashetani katika kitabu chao kitakatifu. Jambo hili latupa huzuni, tena latufundisha. Misioni ile ilikuwa imekaa katika nchi karibu miaka 90. Walijua jina la kila mnyama na kila chombo. Bibi Moffat alijifunza sakafu kwa kuinama na kuisiriba. Lakini juu ya wafu wa watu, wamisionari walitangulia kuhukumu kabla ya kuinama.

Robert na Mary waliondoka Kuruman mwaka 1870, wakiwa wazee. Mary alifariki Uingereza mwezi wa Januari 1871, na Robert mwaka 1883. Kanisa lao la mawe, lililofunguliwa mwaka 1838, lingali limesimama.

Wengi wa wasomaji wetu nao wametumwa mbali na kwao: mwalimu wa pwani apelekwaye bara, padre wa kabila moja awekwaye kati ya kabila jingine, na jamaa zinazokwenda nchi za ng'ambo. Twawashauri wafanye mambo matatu. Waandike desturi na maneno ya nyumba za wenyeji wao, hasa yale wanayoyasikia wake zao jikoni na kisimani, maana hayo mhubiri hayapati. Kabla ya kulitia neno lo lote la wafu au la mizimu katika mafundisho, wawaulize wazee maana yake, wakae kitako wasikilize mpaka mwisho. Tena wawaulize watoto wao wenyewe, kwao ni wapi. Na jibu lao walipokee, hata kama si lile walilolitazamia.