Tarehe ya Hija ya Pugu na Haki ya Watu wa Mjini

Wenzetu wa Bagamoyo wana haki yao na hakuna wa kuwanyang'anya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika kwao mwaka 1868. Lakini Kanisa la Dar es Salaam lina mama yake mwenyewe, naye ni Pugu.

Nayaandika haya kwa sababu kila Kwaresima maneno yale yale huzuka katika jumuiya za Kariakoo, Gerezani na Ilala: hija ianzie wapi? Wapo wanaotaka watu wapande daladala mpaka Gongo la Mboto, ndipo waanze kutembea. Tarehe inakataa.

Mwaka 1887 Roma iliwakabidhi Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, watu wa Bavaria, upande wa kusini wa nchi hii. Mwanzoni mwa 1888 wakafika, mkubwa wao Padre Bonifaz Fleschutz, pamoja na mabruda na masista. Mji waliuona, majumba ya Sultani Majid wa Zanzibar yakiwa yamekwisha kuchakaa, lakini hawakukaa. Wakapanda vilima vya Pugu, Uzaramoni, wakajenga, wakalima, wakapokea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka haujaisha, pwani ikawaka. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imetwaa bandari na ushuru, na Abushiri bin Salim akawainua watu kuipinga. Hasira hiyo haki yake ilikuwa kwa wenye kampuni, ikawaangukia watawa. Tarehe 13 Januari 1889 Pugu ikavamiwa. Wakauawa Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing. Wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fedha. Majina hayo matatu kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza katika jiji hili angepaswa kuyajua kwa kichwa, na inaniuma kwamba wengi wanaweza kuwataja mashahidi wa Namugongo mmoja mmoja, lakini wa Pugu hawawajui.

Wabenediktini hawakukata tamaa. Wakahamia mjini, mbele ya bandari, na mwaka 1897 wakaanza kulijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu, likamalizika 1902. Mwaka huo huo mmoja wao, Cassian Spiss, akawa askofu. Naye alikwenda njia ya wenzake wa Pugu: Agosti 1905, katika vita vya Majimaji, aliuawa safarini upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Baada yao wakaja Wakapuchini wa Uswisi, mwaka 1921.

Hapa nisimame kidogo kwa habari ya Mwalimu, maana kuna ubishi. Julius Nyerere, aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alipata kazi ya kufundisha Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu. Mikutano ya siasa ilikuwa mjini, kwa akina Abdulwahid Sykes. Wazee wa Kariakoo husema alikuja kwa miguu, akatokea barazani vumbi limempanda mpaka magotini. Wengine husema hapana, Dossa Aziz alikuwa akimchukua kwa gari lake. Mimi sioni ugomvi: gari la rafiki halipatikani kila siku, na kwenye miguu nawaamini wazee. TANU ikazaliwa 7 Julai 1954, na 1955 akauacha ualimu. Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, mwaka 2005, sisi wa mjini tulijua kwamba barabara ya Pugu imepitwa na Mtumishi wa Mungu. Leo inaitwa kwa jina lake.

Turudi kwenye hija. Kariakoo nayo inaishi kwayo, na wafanyabiashara wa vitenge, wengi wao Waislamu, wanaijua kalenda ya Kanisa kuliko baadhi ya waumini. Msimu ukikaribia, mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, huingia dukani, hutandaza kitenge mezani na kutafuta kwanza picha ya Bikira Maria. Halafu humfuata fundi na kumwonyesha kwa kidole: uso huu ukae mgongoni, au kifuani, usije ukaangukia kwenye makalio mtu akaukalia. Fundi mzuri hupindua kitambaa mara mbili tatu kabla ya kugusa mkasi, na kipande kinachopotea mama hukilipia bila kunung'unika. Mwaka 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipoadhimisha Misa Jangwani, hatua chache tu kutoka sokoni, hija ilikuja yenyewe mlangoni kwetu.

Basi kwa wanaouliza: hija ya Pugu huanzia Mtakatifu Yosefu, bandarini, waliposhukia Fleschutz na wenzake. Hupita Gerezani, ikashika barabara ya Mwalimu, ikapita Tazara na uwanja wa ndege. Wagonjwa na wazee wapande gari tangu mwanzo, hakuna atakayewahukumu. Gongo la Mboto ni mahali pa kunywa maji.